Ndege Aingiaye kwa Mlango wa Ua

Somo: Yohana 10:1–10



Bwana wetu alipotaka kuwafundisha wanafunzi wake wasisumbukie chakula wala mavazi, aliwaelekeza macho kwa ndege wa angani, kisha kwa maua ya kondeni. Habari hiyo twaisoma katika Mathayo sura ya 6. Hakuwatuma kwa wenye elimu nyingi, bali aliwaonyesha vitu ambavyo hata mtoto achungaye mbuzi aweza kuvitazama. Leo na sisi tutazame hivyo hivyo. Lakini tusiwaangalie ndege peke yao, na maua peke yao, tuwaangalie wanapokutana. Kwa maana hapo pana fundisho juu ya mlango, ambao ndio neno kubwa la somo letu.

Nyote mwamjua chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda kama mundu, ambaye dume lake hung'aa juani kama chuma kilichosuguliwa. Aina za chozi zapita 130, nao hukaa Afrika, na Asia, hata Australia. Katika nchi za Marekani, kaskazini na kusini, hawako. Lakini huko wako ndege wengine wadogo mno, ambao mabawa yao hupiga upesi hata yakavuma kama nyuki, nao aina zao zapita 300. Ndege hao si wa ukoo mmoja na chozi, walakini Mungu amewapa kazi moja, kila mmoja katika nchi yake.

Kazi hiyo ni ipi? Mti una mizizi, hauwezi kwenda kumtafuta mwenziwe. Ili ua lizae mbegu, yapasa ule unga wa ua, uitwao chavua, ufike juu ya ncha ya kike iliyo katikati ya ua. Na mimea mingi haizai vema kwa unga wake yenyewe; yahitaji unga wa mmea mwingine wa jamii yake. Basi nani atauchukua? Unga wa mahindi huchukuliwa na upepo. Unga wa maua mengi huchukuliwa na nyuki. Tena iko mimea iliyokabidhiwa chozi. Na tuone jinsi ua linavyotenda naye: laita, latoa, tena latuma.

I. Ua laita

Ua halina sauti, lakini huita, tena huita kwa namna ambayo mgeni wake aweza kuitambua. Nyuki haoni vema rangi nyekundu, ijapokuwa huona rangi nyingine ambazo macho yetu hayazioni kabisa. Ndege huiona nyekundu vizuri sana. Kwa hiyo maua mengi yaliyokabidhiwa ndege ni mekundu, au ya rangi ya machungwa, kama ya mshubiri, na kama ya ule mti wa miiba uwakao kama makaa ya moto wakati ambapo hauna majani. Nusa maua hayo: hutasikia harufu, au utaisikia kidogo sana, kwa sababu chozi halitafuti ua kwa pua, hulitafuta kwa macho. Mbuyu hufanya kinyume. Ua lake ni jeupe na kubwa, hufunguka jioni, nalo lina harufu kali, kwa kuwa mgeni wake mkubwa ni popo, naye huja gizani.

Wala rangi nyekundu si sheria isiyovunjika. Juu ya Kilimanjaro, palipo juu ya msitu, pana mmea ambao wataalamu huuita lobelia, nao hurefuka kupita mtu. Maua yake ni ya buluu, tena yamejificha katikati ya majani madogo yaliyopangwa kuzunguka shina. Huko usiku maji huganda, na wadudu warukao ni wachache. Lakini yuko chozi wa milimani, wa kijani kibichi, mwenye mkia mrefu, naye ana damu ya moto iwezayo kustahimili baridi ile. Amejifunza kwamba katika shina lile la buluu mna chakula, naye huliendea. Mungu hakuuacha hata mmea ulioota karibu na barafu bila mjumbe.

Ndugu, ndivyo Mungu awaitavyo watu. Mamajusi waliozoea kutazama nyota, aliwaita kwa nyota. Wavuvi aliwaita penye nyavu zao. Mwanamke wa Samaria alikuja kuteka maji, na Bwana akaanza kusema naye habari za maji. Hakumtaka mtu awe na macho ya mtu mwingine kwanza, ndipo amwite.

Neno hili lawahusu hasa ninyi walimu wa injili. Mwalimu akisimama mbele ya usharika na kusema kwa maneno aliyoyapata chuoni, ambayo mama mzee wa benchi la nyuma hayafahamu, huyo ameweka ua jekundu mbele ya nyuki. Ua ni zuri, na asali imo ndani, lakini nyuki apita tu. Je, tumlaumu nyuki? Tafuta neno ambalo msikilizaji wako aweza kuliona. Katika shamba lake, katika zizi lake, katika soko lake mna maneno ya kutosha kumweleza habari za Ufalme wa Mungu, kama vile Bwana alivyosema habari za chachu, na mbegu, na kondoo aliyepotea.

II. Ua latoa

Chozi akiisha kuitika, haambiwi, “Fanya kazi kwanza, ndipo nitakapokulipa.” Chakula chamngoja. Chini kabisa ya ua yamo maji matamu ambayo ua limeyatengeneza kabla mgeni hajafika. Maji hayo si mazito kama asali ya mzinga; sukari yake ni kama robo au pungufu, na yaliyobaki ni maji, hata ndege aweza kuyanywa upesi kwa ulimi wake ulio kama mrija.

Tena ua hutoa kwa kipimo. Kama lingempa ndege shibe yake yote, angelala palepale, na unga usingefika popote. Kama lisingempa kitu, asingerudi tena. Basi humpa kidogo, naye huondoka akitafuta ua la pili. Na nyuma yake lile la kwanza huanza kujijaza tena.

Wataalamu wawili wa Marekani, Frank Gill na Larry Wolf, waliwachunguza chozi wenye mabawa ya rangi ya dhahabu karibu na Naivasha katika nchi ya Kenya, wakaandika habari zao mwaka 1975. Ndege wale hula katika mmea ule wa kandokando ya njia, ambao maua yake ya rangi ya machungwa yamezunguka shina kama mataji yaliyopandana. Kila ndege alikuwa na shamba lake alilolilinda. Mashamba hayo hayakulingana kwa ukubwa hata kidogo. Mengine yalikuwa kama sakafu ya chumba, na mengine mapana sana. Lakini maua yaliyomo yalikaribiana kwa hesabu, kiasi cha 1,600, ambayo yatosha kumlisha ndege mmoja kwa siku moja. Penye maua mengi ndege alilinda mahali padogo. Penye maua machache alilinda mahali pakubwa. Na maji matamu yalipozidi kila mahali, ndege aliacha kupigana.

Dr. Martin Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 alitufundisha kwamba katika riziki ya kila siku mmo vyote tuvihitajivyo kwa mwili huu: chakula na nguo, nyumba na shamba, hata majirani wema. Twaliomba jambo hilo kila siku katika sala ya Bwana. Lakini baada ya kusema Amina, ndugu wawili waliobatizwa katika kisima kimoja cha neema huenda barazani kushtakiana kwa ajili ya mpaka, hatua mbili za ardhi, nao wote wawili wana migomba ya kuwashibisha. Ndege ajua kipimo cha siku yake. Waisraeli nao walifundishwa kipimo hicho jangwani, maana mana iliyowekwa hata asubuhi, isipokuwa ya siku ya sabato, iliingia mabuu. Mwenye kuamini kwamba ua litajaa tena kesho hana haja ya kumfukuza ndugu yake leo.

Liko jambo la pili ambalo mmea humpa chozi, nalo ni mahali pa kusimama. Wale ndege wavumao wa Marekani huelea hewani wakinywa, na maua yao mengi huning'inia tu, hayana pa kukanyaga. Chozi hupenda kutua. Katika nchi ya Afrika Kusini, upande wa Rasi, pana mmea mdogo ambao wataalamu huuita Babiana ringens. Maua yake mekundu yapo chini karibu na mchanga. Lakini katikati ya mmea huinuka kijiti kilicho wazi, kisicho na ua hata moja. Mtu asiyejua angesema, “Kijiti hiki ni cha bure.” Kumbe, chozi hukishika kwa makucha, akainamisha kichwa chini, akayafikia maua sawasawa, na unga ukampata mahali panapotakiwa. Wataalamu waliokata vijiti hivyo, wakaandika habari zake mwaka 2005, waliona kwamba mmea uliokatwa kijiti ulipungukiwa katika uzazi wake.

Ninyi mnaofagia kanisa siku ya Jumamosi, ninyi mnaopiga kengele alfajiri wakati wa mvua, mama unayewafundisha wajukuu wako sala ya jioni, wala jina lako halijasomwa kamwe katika mkutano wa usharika, msiseme, “Mimi sina ua.” Yamkini Mungu amekuweka uwe kijiti ambacho mwingine atakishika apate kuinama na kunywa. Siku kijiti kitakapokatwa, ndipo usharika utakapojua kilikuwa na kazi gani.

III. Ua latuma

Sasa twafika mlangoni. Maua ya chozi mengi yana mrija mrefu, tena mwingine umepinda kama mdomo wake ulivyopinda. Asali iko mwisho wa mrija, na vijiti vyenye unga viko mlangoni. Hakuna njia ya halali ya kufika kwenye asali isipokuwa kupita chini ya unga. Katika ule mmea wa mataji ya machungwa, sehemu ya juu ya ua imejikunja kama paa la kibaraza, na unga umo chini ya paa. Chozi akiingia, paa humgusa utosini.

Tena itazame kirukia, mmea ule uotao juu ya matawi ya miti mingine. Katika aina nyingine za kirukia ua halifunguki lenyewe. Hukaa limefumba, limekazwa kama mtego, mpaka chozi alipoguse kwa ncha ya mdomo wake. Mara hufunguka kwa nguvu, likamrushia unga usoni. Bwana wetu alituahidi katika Mathayo sura ya 7 kwamba abishaye atafunguliwa. Tazameni, hata katika tawi la mti iko picha ya ahadi hiyo.

Chozi hutoka na alama ya manjano katika paji la uso wake. Yeye hajui. Amekwenda kwa ajili ya njaa yake, amekunywa, ameondoka. Lakini afikapo katika ua la pili la jamii ileile, alama ile humwachia mwingine uzima, na mbegu huanza. Hakuchagua kuhubiri, wala hakujisifu. Ameingia tu kwa mlango.

Bwana ajiita mlango, na kwa mtu aingiaye kwa yeye aweka ahadi ya wokovu, na ya malisho, tena na ya kuingia na kutoka. Na tuangalie neno hilo la kutoka. Hakuna chozi akaaye ndani ya ua. Na katika ubatizo sisi nasi tulitiwa alama ya msalaba katika paji la uso. Tulitiwa ili tutoke nayo, tuichukue nyumbani, na mashambani, na sokoni, na penye wagonjwa. Mkristo aliyekunywa kweli katika neema ya Kristo humwachia jirani kitu, mara nyingi pasipo yeye mwenyewe kujua: kwa upole wake alipotukanwa, kwa mizani yake iliyo sawa, kwa jinsi alivyomzika mtoto wake akimtumaini Mungu.

Onyo

Lakini somo letu linamtaja na mwingine, yule asiyeingia mlangoni, apandaye penginepo. Naye yuko hata katika maua. Wako ndege ambao mdomo wao ni mfupi kwa mrija wa ua fulani, tena wako nyuki wakubwa weusi, wale watoboao mbao za nyumba. Hao hawahangaiki na mlango. Huenda ubavuni mwa ua, chini kabisa, wakatoboa tundu, wakanyonya asali, wakaenda zao. Hawakugusa unga, hawana alama, hawakuchukua kitu. Tena tundu likiisha kutobolewa, wadudu wengine ambao wasingeweza kulitoboa wenyewe hupitia humo humo.

Ndege hana dhambi kwa jambo hili, maana hakupewa amri. Sisi tumepewa. Basi kila mmoja na ajiulize: mimi naingia wapi? Mtu aweza kutaka kiti cha uzee wa kanisa kwa ajili ya heshima yake. Aweza kutaka cheti cha ubatizo kwa ajili ya shule ya mtoto, na ndoa ya kanisani kwa ajili ya macho ya watu, na maziko ya Kikristo kwa ajili ya jina la ukoo, lakini asipende kuinamisha kichwa chini ya Neno hata siku moja. Nasi watumishi tusijitoe katika hesabu hii. Mchungaji au mwalimu aweza kuifungua Biblia kila Jumamosi usiku ili apate la kusema kesho, akachukua tamu yake kwa wengine, na yeye mwenyewe asiguswe utosini. Asali ameipata, lakini unga hana. Na wale wanaomtazama, wakiona mkubwa wao amepita tunduni, watapita humo humo.

Hatari yake ni hii. Mti usiotembelewa na wengine ila hao waenda tunduni wachanua kama miti mingine. Aliye mbali ausifu kwa wekundu wake. Ni baada ya miezi tu, wakati wa mbegu, watu wauonapo kuwa mtupu. Usharika nao waweza kuwa na kwaya nzuri, na bati jipya, na sadaka ya kutosha, walakini baada ya miaka 20 ukaulizwa, “Wako wapi watoto wenu katika imani?” usiwe na jibu. Kanisa halimalizwi na adui wa nje peke yake. Laweza kumalizwa na watu walioipenda asali yake, wasiupende mlango wake.

Hata hivyo simwachi mtu hapo. Ua lililoibiwa leo laweza kujijaza tena kesho, na mlango wake bado uko palepale. Tena chozi yule yule atoboaye ua moja huonekana akiingia vema kwa mlango wa ua jingine. Na kumbukeni Golgotha. Huko palikuwa na mwizi hasa, aliyeishi kwa kuchukua vya watu pasipo kupita mlangoni. Saa ile ya mwisho, akiwa hana kazi njema hata moja ya kuonyesha, alimgeukia Bwana aliyesulubiwa karibu naye, akaingia kwa mlango. Hakukataliwa. Naye alichukua alama. Kwa maana tangu siku ile hata leo, watu wasiohesabika waliokaribia kufa wamepata tumaini kwa ajili yake.

Basi, mpendwa, asubuhi umwonapo chozi katika maua ya uani kwako, simama kidogo. Mtazame anapoinamisha kichwa. Kisha ingia ndani, ufungue Neno la Mungu, nawe uinamishe kichwa vivyo hivyo. Halafu utoke uende kwa jirani yako.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, mlango wa kondoo, twakushukuru kwa kuwa umetuandalia malisho kabla hatujaja. Utusamehe tulivyochukua vipawa vyako tusikutake wewe mwenyewe. Utuinamishe chini ya Neno lako, ututie alama yako upya kila siku, ukatutume kwa ndugu zetu, ili kanisa lako lisichanue tu, bali lizae. Amina.